Safari ya Siyu: Mbali ni Wapi?

"Siyu? Ala! Huko mbali huko, Maalim. Unakwenda kufanya nini?"

Maneno hayo niliambiwa na karani mmoja wa mabasi pale Mombasa, mwezi wa Agosti mwaka 2008, nilipokwenda kukata tiketi ya kunifikisha Mokowe. Sikumjibu, kwani mimi mwenyewe, mtoto wa Mji wa Kale niliyezaliwa na kukulia katika harufu ya bahari, nilikuwa sijapata kuikanyaga ardhi ya Siyu. Aibu iliyoje! Maana yule aliyenishika mkono wa kuume na kunifundisha kuandika alifu ikasimama wima, alikuwa Msiyu.

Mwalimu wangu huyo, Mungu amrehemu, alitusomesha chuoni kwa mbao na wino wa masizi. Mwanafunzi alipoandika ovyo, mzee alimrudishia ubao wake na kumwambia: "Kwetu Siyu hata mshona viatu ana hati kuliko hii yako." Sisi watoto tulicheka chinichini, tukidhani ni maneno ya mzee anayelilia kwao. Nilipokuwa mtu mzima, nikaanza kushika kalamu ya mashairi na ya magazeti, ndipo nilipojua kwamba mzee hakutia chumvi. Mji wa Siyu, ulioko katika kisiwa cha Pate, kaskazini ya Lamu, ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono, wakaipamba kwa wino mweusi na mwekundu. Ulisifika pia kwa viatu vya ngozi, milango ya nakshi na viti vya enzi.

Siku zake za mwisho mwalimu aliniambia kwamba nyumbani kwao kumebaki msahafu ulioandikwa na babu wa babu yake. "Ukipata nafasi nenda ukautazame," alisema, "kisha unisomee fatiha hapo hapo." Miaka ikapita, nafasi nikawa siipati. Nilisafiri hadi Nairobi, hadi Kisumu, hadi Unguja. Siyu nikaiweka kiporo. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa "mbali".

Nayasimulia haya leo, msomaji mpenzi, ingawa miaka imepita, kwa kuwa neno hilo la "mbali" bado nalisikia vinywani mwa watu kila visiwa vile vinapotajwa, na kila nilisikiapo hukumbuka asubuhi moja niliyoipitisha juu ya tope, nikitazama kipande cha uzi.

KUHESABU MWEZI

Kutoka Mokowe nilivuka hadi Amu, yaani Lamu, kwa mashua ya abiria. Kesho yake nikaenda gatini kutafuta chombo cha Pate. Nilidhani nitaulizwa nauli. Nahodha wa kwanza niliyemkuta aliniuliza jambo jingine kabisa: "Leo mwezi mngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Ulikuwa mwezi wa Shaabani, siku ya nane. Akatikisa kichwa. "Mwezi nane ni maji mafu. Siyu hatufiki na chombo. Mlango wake hautajaa. Utashuka Mtangawanda, uende kwa miguu."

Labda wako wasomaji wetu wa bara wasioyajua mambo haya, basi na tuyaeleze kidogo. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, usiku na mchana wake. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa muda wa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana hata yakapanda juu ya ngazi za gati, tena hupwa sana hata tope la chini likaonekana. Mwezi unapokuwa nusu, maji huwa mafu: hayajai sana wala hayapwi sana. Kwa hiyo mtu wa visiwani hana haja na kalenda ya ukutani. Akijua ni mwezi wa ngapi, amejua saa ya kusafiri, na amejua ni mlango upi wa bahari utapitika na upi utafungwa. Mimi nilikariri miezi hii chuoni nikidhani kazi yake ni kutujulisha kufunga na kufungua tu. Kumbe ndiyo ratiba ya mabaharia!

Tuling'oa nanga saa tatu asubuhi, maji yakiwa yanapanda. Mashua ilisheheni. Palikuwa na magunia ya unga, mabati, godoro lililofungwa kwa kamba, kreti za soda, mbuzi wawili waliofungwa miguu, na abiria wa kila rika. Akina mama walikaa tezini chini ya turubai, sisi wanaume tukajipanga juu ya mizigo. Kijana mmoja aliyevaa sare ya skuli ya sekondari alishika kitabu cha hesabu mikononi, na kila wimbi liliporusha maji alikificha ndani ya shati.

Njia yetu ilipita Mkanda. Mkanda ni mlango mwembamba wa bahari unaotenga kisiwa cha Manda na bara. Pande zote mbili ni mikoko mitupu, mizizi yake imeinuka juu ya tope kama vidole vya mtu anayeshika kitu asichotaka kukiachia. Eneo hili la Lamu ndilo lenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Boriti zake zilijenga nyumba za Arabuni na za Ghuba kwa karne nyingi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuzipeleka ng'ambo mnamo mwaka 1982. Majahazi makubwa yaliyokuwa yakija na upepo wa kaskazi kuzichukua yakakoma kuonekana.

Katikati ya Mkanda tulisikia mkwaruzo. Mashua ikapunguza mwendo, ikainama kidogo, ikasimama. Nahodha akazima injini. Hakuna aliyeshtuka ila mimi. Baharia akachukua upondo, wanaume sita wakakunja vikoi wakaruka majini, nami nikaona haya kubaki nimekaa. Tukasukuma. Maji yalifika kiunoni, na tope chini yake lilimeza mguu hadi kifundo. Baada ya dakika kumi chombo kikaelea tena. "Leo yanapanda," alinitania mzee mmoja nilipopanda nikitweta. "Ungekuja yakipwa, ungelala hapa na mbu."

Nami nikacheka. Sikujua kwamba maneno yale si ya mzaha.

TUMBAKU JUU YA MAGOFU

Mtangawanda pana kina, vyombo hufika wakati wowote. Nilishuka hapo, nikafuatana na vijana wawili wenye punda hadi mji wa Pate, mwendo wa kama saa nzima kwa mguu wa mtu wa mjini.

Sina haja ya kueleza sana habari za Pate kwa msomaji aliyesoma ushairi wetu. Huu ndio mji wa wafalme wa Kinabahani. Ndipo Bwana Mwengo alipotunga Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake yenye tarehe ya mwaka 1728 ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya lugha yetu. Ndio mji ambao kuanguka kwake kulimliza Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hata akatunga Al-Inkishafi. Palikuwa na kumbi za taa, palikuwa na hariri, palikuwa na vita pia, kwani Pate walishindwa na Waamu katika vita vya Shela mnamo mwaka 1812 hivi, na toka hapo nguvu zao zikaendelea kupungua.

Leo ndani ya kuta zile hulimwa tumbaku. Ndiyo, tumbaku! Nilimkuta mkulima mmoja akimwagilia miche yake ndani ya chumba ambacho vidaka vyake vya chokaa bado vimesimama ukutani. Nikamuuliza kama haoni huzuni kulima ndani ya nyumba ya wafalme. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni mjinga, akasema: "Wafalme wamekwenda zao. Watoto wangu wako hapa, na wanakula."

Niliandika jibu lile katika daftari langu. Sisi washairi tumezoea kuyalilia magofu, tukasahau kuwauliza waliobaki wanakula nini.

NYUMBA YA MWALIMU

Kesho yake asubuhi nikashika njia ya Siyu. Ni njia ya mchanga kati ya minazi na vichaka, na mtu hufika kabla jua halijawa kali. Cha kwanza kukiona ni ngome, imekaa ukingoni mwa mkono wa bahari, kuta zake zimeelekea majini. Ngome nyingi za mwambao huu zilijengwa na wageni ili watutawale. Siyu wana fahari nyingine. Chini ya Bwana Mataka mji huu ulikataa kuwekwa chini ya Unguja, na katika miaka ya 1840 majeshi ya Sayyid Said bin Sultan yalivunjwa katika ardhi hii. Haukusalimu amri kwa hakika mpaka mwaka 1863, zama za Sayyid Majid. Mke wa Bwana Mataka ndiye Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, utendi ambao hata leo mabibi wa pwani wanaujua kwa moyo.

Mwendo mfupi kutoka mjini, ufukoni, pana magofu ya Shanga. Wachimbuzi wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton, kuanzia mwaka 1980, waligundua pale misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Yaani Waislamu walikuwa wakisali pale wakati Nairobi haijaota hata ndotoni, na Mombasa yenyewe haijatajwa katika kitabu chochote. Sasa niambie, msomaji, nani yuko mbali na nani?

Nyumba ya mwalimu wangu niliionyeshwa na watoto. Nikabisha hodi. Akatoka bibi wa makamo ya themanini, mgongo umepinda lakini macho makali. Alikuwa dada wa mwisho wa mwalimu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni nani?"

Nilipomtajia jina la kaka yake, akakaa kimya kitambo. Kisha akaniambia niketi, akaita kahawa. Siku ile hakunionyesha msahafu. Wala siku ya pili. Alinilisha wali na samaki, akanihoji habari za nyumbani kwangu, za mke na watoto, na jinsi kaka yake alivyokufa, nani alimwosha, kaburi liko upande gani. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, alikwenda chumba cha ndani akarudi na kitu kilichoviringwa katika kitambaa cheupe.

Niliukuta umeliwa na mchwa pembeni. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimetoka. Lakini hati yake, ewe Mola! Kila herufi ilisimama mahali pake kama mtu aliye katika safu ya sala. Vichwa vya sura vilikuwa vyekundu, na wino haujapauka. Nikaisoma fatiha niliyoagizwa, na sauti ikanikatika kabla sijafika mwisho.

Kisha nikafanya kosa. Nikamwambia: "Bibi, msahafu huu ungewekwa mahali pa hifadhi, mjini, usalimike na mchwa."

Akaufunga taratibu. "Mwanangu," alisema kwa lugha yao ya visiwani, "kila kizuri chetu huvuka Mkanda. Milango imevuka. Viti vimevuka. Kaka yangu alivuka, akasomesha wana wa watu. Hakuna kilichorudi." Akaonyesha mlango wa nyumba, na hapo ndipo nilipoona kwamba ulikuwa wa mbao za kawaida, na ukutani pamebaki alama ya fremu kubwa iliyong'olewa. "Nyinyi mwasema kwetu ni mbali. Muyi haukwenda popote. Mbali mumekwenda nyinyi."

Sikuwa na jibu. Nikanyamaza, nikanywa kahawa yangu.

UZI KATIKA MKOKO

Usiku wa kuamkia mwezi kumi na mbili niliamshwa na vishindo ndani ya nyumba. Mjukuu wa yule bibi, msichana wa miaka ishirini na ushei, alikuwa na mimba ya kwanza na uchungu ulikuwa umemshika toka magharibi. Mkunga alikuwapo. Karibu na alfajiri mkunga alitoka nje akasema maneno mawili tu: "Mtoto amekingama."

Maana yake ni kwamba mtoto amelala mshazari tumboni na hawezi kutoka kwa njia ya kawaida. Kazi hiyo ilitaka kisu cha daktari, na daktari huyo alikuwa Amu.

Nilimwona bibi akifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani, akaosha kombe, akampa mjukuu wake anywe. Na huku akimpa, alikwisha kumtuma mtu akamwamshe nahodha. Ambaye hujiuliza kama wazee wetu huchagua dua au dawa, basi angekuwapo pale ajionee kwamba hawachagui.

Maji yalikuwa yamejaa kiasi cha saa tisa usiku, na sasa yalikuwa yanatoka. Mlango wa Siyu hukauka upesi. Tukambeba yule msichana juu ya kitanda cha kamba hadi chomboni, mumewe mbele, mimi nyuma kwa kuwa mkono wa ziada ulihitajika. Baharia alisukuma kwa upondo katika giza, mikoko ikitukwaruza pande zote mbili, na tulipotoka kwenye maji ya wazi injini ikawashwa. Mashua ilikuwa ndogo, ya kuvulia samaki. Ndani tulikuwa nahodha, baharia, mume, mkunga, bibi, mgonjwa na mimi.

Tulifika mdomo wa Mkanda saa moja u nusu asubuhi. Nahodha akasimama omoni, akatazama, akazima injini.

Mahali tuliposukuma mashua siku nne nyuma palikuwa tope tupu. Kaa walikuwa wakitembea juu yake. Katikati palipita kijito cha maji ambacho mtoto angekiruka.

"Mpaka lini?" mume aliuliza.

"Saa tatu na robo yatasimama. Kisha yapande. Saa sita tutapita."

Kijana yule, mvuvi mwenye misuli ya kamba, alianza kulia waziwazi. Akaomba tupite nje, tuizunguke Manda kwa bahari kuu. Nahodha alimwonyesha kwa mkono upande wa mashariki. Ilikuwa ni kusi, na hata kutoka pale tulisikia mawimbi yakipiga kwenye miamba. "Nje mashua hii haiwezi," alisema. "Nitawazika wote." Kijana akamgeukia bibi. Bibi alikuwa amepakata kichwa cha mjukuu wake. Akasema: "Tutangoja."

Nahodha alishuka matopeni, akaenda hadi kwenye mkoko mmoja, akafunga uzi mwekundu kwenye mzizi wake, juu kidogo ya goti. "Maji yakifika hapa, twaenda," alisema.

Msomaji wangu, nimekaa katika ofisi nyingi nikingoja. Nimengoja cheti, nimengoja mshahara, nimengoja majibu ya daktari. Lakini sijapata kungoja kama nilivyongoja siku ile. Tulifunika mgonjwa kwa kanga kumkinga jua. Mkunga alimshika mkono, na kila uchungu ulipokuja msichana aliuma upindo wa leso asipige kelele, kwa kuwaonea haya wanaume. Bibi alisoma Yasini kwa sauti ya chini, akaimaliza, akaianza tena. Na mimi, mwenye maneno mengi ya magazetini, sikuwa na neno. Nilitazama uzi.

Saa tatu na robo maji yalisimama, kama alivyosema. Kwa muda hapakuwa na dalili ya kitu. Kisha nikaona jani la mkoko lililokuwa limelala juu ya tope likianza kusogea kuelekea ndani.

Yalipofika saa tano u nusu uzi ulikuwa bado mkavu, lakini mkunga alimnong'oneza nahodha jambo. Nahodha hakungoja tena. Tukaruka sote, yeye, baharia, mume na mimi, tukaibeba mashua kama watu wanaobeba jeneza, tukaivuta na kuisukuma juu ya tope na maji ya mapajani. Nilianguka mara mbili. Sijui tulikwenda muda gani. Najua kwamba iliponiponyoka mikononi nilidhani nimeiangusha, kumbe ilikuwa inaelea.

Saa saba mchana tulifika Amu. Alichukuliwa moja kwa moja kwa kisu. Nilikaa nje kwenye kivuli cha mwarobaini na nahodha, tope limekauka miguuni mwetu. Baada ya alasiri mkunga akatoka, akasema mama mzima, na mtoto mzima, mwanamke.

Nikamshukuru Mungu, nikamkumbatia nahodha. Naye hakuwa na furaha niliyoitazamia. Alikuwa anatazama chini. "Mwaka jana," alisema, "nilingoja pale pale na mgonjwa mwingine. Nikafunga uzi vile vile." Hakumaliza, na sikumtaka amalize.

HESABU TUNAYOISAHAU

Hayo ni ya mwaka 2008. Sisemi kwamba kila kitu kimebaki kilivyokuwa. Milango ya bahari huchimbwa, gati hujengwa, zahanati hufunguliwa, na kwa kila kilichofanywa aliyekifanya na ashukuriwe. Katika sensa ya mwaka 2019, Lamu Mashariki, ambamo Pate imo pamoja na Ndau, Kiwayu na vijiji vya bara vya jirani zake, ilihesabiwa kuwa na watu 22,258. Hao ni watu, wala si magofu.

Lakini jambo nililolielewa juu ya tope lile halijaniacha. Wazee wa Siyu waliishi na maji yale yale, ya kujaa na kupwa, na hawakuwa mbali na chochote. Kadhi alikuwa pale pale, na mwandishi, na fundi, na mganga, na sonara. Bahari ilikuwa njia kuu, na Siyu ilikuwa kituo juu ya njia. Kisha mambo yote ambayo binadamu hawezi kuishi bila hayo, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, mtihani, mahakama, kisu cha daktari, yakahamishwa moja moja yakawekwa ng'ambo ya Mkanda. Kisiwa hakikusogea hata shubiri moja. Ila siku ile ya kukingama mtoto, kilikuwa mbali kwa muda wa saa nne na nusu na uzi mmoja mwekundu.

Basi ombi langu kwa wale wanaokaa na kupanga bajeti na ratiba huko bara ni dogo. Kabla ya kuandika kwamba hospitali fulani iko umbali wa kilomita kadhaa kutoka kijiji fulani cha visiwani, waulize kwanza swali la nahodha: Leo mwezi mngapi?

Na msahafu? Ulibaki kwa bibi, ndani ya kitambaa chake. Yeye alikaa Amu siku kumi na moja mpaka mjukuu wake alipoweza kutembea, kisha akanipigia simu Mombasa kwa mkono wa kijana wao kuniaga. Nilimuuliza atarudi lini. Akasema: "Kesho, na maji ya asubuhi. Tunarudi watatu." Nilisikia katika sauti yake kitu kama ushindi. Safari hii kizuri chao kilivuka Mkanda na kurejea.

Nami, kama ada yangu, nafunga kwa ubeti mmoja niliouandika ndani ya basi, narudi kwetu:

Kisiwa kimesimama, kipo pale kwenye maji,
Ni sisi tuliohama, tukafuata mitaji,
Twakiita cha kinyuma, kilichozaa magwiji,
Umbali hauna pima, wapimwa kwa muhitaji.